Mrithi wa Mzee Repa

Shoga, nimefanya jambo la aibu. Usicheke kwanza.

Si unakumbuka darasa la jioni nilipewa neno la Kiingereza, "repair", yaani kutengeneza kilichoharibika, nieleze limetoka wapi? Mtoto alikuwa na homa, sikusoma hata mstari. Mwalimu akatoka kupokea simu, nami nikasimama nikatunga! Eti limetokana na fundi viatu wa Uingereza, Mzee Repa. Wote wakaandika.

Leo nimepita kwa yule baba fundi redio ninayekaa naye dawati moja. Ameleta mchoraji. Ukutani pameandikwa MRITHI WA MZEE REPA.

Mrithi wa Mzee Repa, shoga!

Akaniita mbele ya wateja: "Mwanangu, miaka thelathini nafungua redio za watu, sikujua kazi yangu ina babu!"

Nikatabasamu. Badala ya kusema ukweli, nikatabasamu!

Nimefika nyumbani, nimefungua kitabu. Ni Kilatini: kukiandaa kitu tena, kiwe tayari tena. Asili hii ni nzuri kuliko uongo wangu, na ingemfaa.

Nimeshamfunga mtoto mgongoni, narudi kumwambia. Nilipoondoka rangi ilikuwa bado mbichi.