Mbu wa Chumba cha Kimea

Jumatatu, 7 Julai
Nimemweka kuku kwenye kizimba cha mbu kama kawaida, wapate damu ya kutagia mayai. Mbu hawamuumi. Baridi hii ya Sumbawanga, hata ningekuwa mbu mimi ningelala. Dada Zuhura, bosi wangu wa utafiti, anataka mayai yao yapande basi la Dar Jumanne ijayo. Yakikosekana, mbu wa Ufipa hawamo kwenye majaribio, na mimi kazi sina.

Jumatano, 9 Julai
Dada kanieleza tena kazi yetu, eti kwa kuwa niliishia kidato cha pili. Nimeelewa vizuri tu. Kirusi cha dengue kikifika tumboni mwa mbu hushika protini fulani, kama mtu anavyoshika kitasa. Hapo ndipo kinapopenya hadi kwenye mate. Dar wanatafuta dawa ya kukiziba kitasa. Mbu atauma, ugonjwa utabaki ndani yake. Sasa wanataka kujua kama mbu wetu wa huku juu wana kitasa kilekile. Safi. Nikawasogezea jiko la mkaa wapate joto. Nusu wamekufa kwa moshi. Dada kanuna. Fala mimi.

Alhamisi, 10 Julai
Akili imenijia! Bibi anaotesha ulezi wa pombe ya kipaimara cha mdogo wangu. Ulezi ukichipua chini ya magunia unatoa joto lake wenyewe, chumba kizima kinafuka. Nimetundika kizimba humo kimyakimya. Mbu wakamvamia kuku. Niiteni profesa.

Ijumaa, 11 Julai
Bibi kakikuta kizimba.
"We Deo! Mbu kwenye kimea changu?"
Kashika kijinga cha moto awafukize. Nikapiga magoti, sikutania. Nikamweleza habari ya kitasa.
"Hawa hawana ugonjwa?"
"Hawana, bibi. Tumewalea toka viluwiluwi."
"Wakiingia kwenye pombe, utainywa yote peke yako."
Karudisha kijinga jikoni.

Jumatatu, 14 Julai
Mayai! Meusi, kama masizi kwenye karatasi yenye unyevu. Dada Zuhura kapiga vigelegele. Nikajifanya nimezoea. Kesho yanapanda basi.

Jumapili, 27 Julai
Dar wametuma ujumbe: yameanguliwa. Majaribio ndiyo yanaanza, majibu bado mbali. Baada ya misa nikawafuata washikaji nijigambe kidogo. Walishajua. Bibi kawatangazia akina mama wote nje ya kanisa kwamba mbu wake wako Dar, wanasoma. Nilitaka kubisha. Nikamwona anavyocheka. Nikamwachia mbu wake.