Reli Hadi Mlangoni kwa Mama

Mdogo wangu,

Niwie radhi, si adabu kaka kukaa kimya hivi. Garimoshi letu la kale bado linabeba wageni wanaokuja kutalii. Sasa kamati yetu ya reli inajadili kurefusha njia hadi kituo cha zamani, na nyumba ya mama imesimama njiani. Nilisema safari inayofaa ni fupi: abiria ashuke akiwa bado na hamu. Dereva akacheka, "Mzee, unapima reli au nyumba ya mama yako?"

Kura zimelingana, imebaki yangu. Mama amekwisha kufunga vyombo. "Baba yenu aliitandika reli hiyo," asema, "iacheni ipite." Lakini jana nilimkuta kizingitini, ameushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

Nikishaunyosha mkono wangu, nitakuandikia, nikuambie mama analala wapi.

Kaka yako