Kipa wa Mkono wa Kulia

Kuopio, 11 Januari 1988

Baba, shikamoo. Hamjambo na baridi hiyo? Mimi mzima, ila nanuka. Glavu yangu ya kudakia kwenye hoki ya barafuni imeoza kwa jasho, na kwa kuwa naivaa mkono wa kulia, hakuna kipa wa kuniazima yake wala duka lenye nyingine. Wenzangu wanasema kuna paka kafia ndani. Kocha naye hajui kunifundisha. Kila anachonionyesha, lazima nikigeuze kichwani kwanza.

Ila raha yake unaijua. Washambuliaji wamezoea makipa wanaodaka kwa kushoto na kushika fimbo kwa kulia. Wanalenga upande wa fimbo, wanakuta glavu inawasubiri. Hata wakijua, mikono yao haijui.

Jumamosi tunacheza na timu ya kwetu Haukijoki. Kocha ameleta kipa mwingine, Valtteri. Nikidaka vizuri, namba ni yangu. Nikivurunda, ni yake.

Mwanao, Eetu

Haukijoki, 14 Januari

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Mapaja tu yananiuma kidogo, kazi ya kupasua kuni. Mama yako anakuletea soksi. Kila la heri.

Babako

Kuopio, 17 Januari

Baba,

Shikamoo leo imenikwama kooni. Tumefungwa sita, na zote zilipita mahali ambapo huwa hakuna mtu anayenilenga. Tulipopeana mikono baada ya mechi, Jarkko, mshambuliaji wao, akanicheka: "Msalimie mzee wako. Wiki nzima kasimama golini mazoezini kwetu, tunampigia mashuti. Ni wewe mtupu, ila yeye hana meno ya mbele."

Kuni, Baba? Umenichefua. Ukoo mzima ni mimi na wewe tu tunaodaka kwa kulia, na wewe ukaenda kuwazoesha mkono wangu. Sijala tangu jana. Soksi nazirudisha.

Eetu

Haukijoki, 24 Januari

Mwanangu, salamu.

Una haki ya kutapika. Hata mimi nilijisugua sauna nzima kwa mvuke na maji moto, uchafu haukutoka.

Lakini sikia. Ujanani kila kocha wa hapa aliniambia, "Geuza mkono au kaa benchi." Nikakaa benchi mpaka nikaoa. Sasa wamekuja mlangoni, wananiita kwa jina, wanakunywa kahawa yangu, wananibembeleza nisimame golini. Nilijua wanayetaka kumfunga ni wewe. Nikavaa glavu.

Babako

Kuopio, 20 Februari

Baba, shikamoo. Natumaini mapaja yamepona.

Siku hizi anacheza Valtteri, mimi namfungulia mlango wa benchi. Kesho tunakutana na timu ambayo kipa wao anadaka kwa kulia. Basi mwanzoni mwa wiki kocha akanijia, mdomo umejaa asali: "Eetu, bila wewe tumekwisha." Kumbe hataki nicheze. Anataka nisimame golini mazoezini, wenzangu wanipigie mashuti mpaka mikono yao izoee.

Nilitaka kumtemea mate. Nikavaa, wakanipiga wiki nzima. Jana tulipomaliza wote walinizunguka wakagonga fimbo zao kwenye barafu kunishangilia, Valtteri akiwemo.

Nilifurahi, Baba. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka ndani ya kofia. Tangu hapo kila nikikumbuka, nasikia kichefuchefu.

Mwanao, Eetu