Waya unaopita nyuma ya jiko la mama mkwe

Kabambare, Alhamisi, kabla ya giza. Mvua imepita lakini mawingu hayajaondoka juu ya kilima. Nimeketi mara nne na kusimama mara nne. Chai imepoa. Matope ya asubuhi yamekauka kwenye suruali na sijaibadilisha, sijui nangoja nini.

Leo nimemshika mama mkwe wangu mkono, nikamvuta, nikamwangusha matopeni mbele ya majirani.

Wa huku kwetu hawahitaji maelezo. Kwa wengine: kwetu mwanaume hamkaribii mama wa mke wake. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini, yeye anajifunika kikwembe kichwani na kugeukia upande mwingine. Salamu zinapitia kwa mtu wa tatu. Hamli pamoja, hutazami anakopikia, na anakooga usipataje hata kwa mdomo. Nimeoa mwaka wa tisa sasa, na sura yake ningeweza kuisahau.

Nianze na kazi yangu, maana aibu hii imetoka kazini.

Mimi ndiye ninayetunza umeme wa kituo cha afya. Paneli za jua na betri ziko juu kilimani, wodi ya wazazi iko chini, ng'ambo ya kijito, na katikati kuna waya mrefu uliotundikwa na mafundi wageni kwenye nguzo kumi na moja. Umeme unaopita humo ni mkali kuliko wa nyumbani, ndiyo sababu unafika mbali kwa waya mwembamba. Lakini hauendi mfululizo kama maji ya mto. Kuna kisanduku pale juu kinachoutuma kwa mapigo: kinatuma pigo, kinanyamaza kitambo kidogo mno, kinausikiliza waya, ndipo kinatuma pigo jingine. Macho hayawezi kuona, taa inawaka tu. Katika ule ukimya kisanduku kinatafuta jambo moja: je, kuna mahali umeme unavuja? Mkono wa mtu, tawi bichi, chuma chenye maji? Kikiona uvujaji, pigo linalofuata halitoki. Taa zinazimika, mtu anabaki mzima.

Ni kitu cha akili. Nami nilikiita Mwoga.

Tangu mvua zianze kilikuwa kinakata. Tone likidondoka, kinakata. Nakiwasha, kinakaa kidogo, kinakata. Nikawa nawaambia watu kwamba kimetengenezwa kwa nchi kavu, mvua ya Maniema kinaiogopa. Walicheka, nami nilicheka nao. Karatasi zake zinasema wazi kwamba kikikata mara kwa mara, mtunzaji atembee njia yote ya waya, nguzo kwa nguzo, aangalie kwa macho. Nilitembea. Nguzo ya kwanza hadi ya sita. Ya nane hadi ya mwisho.

Kati ya sita na nane waya unapita nyuma ya jiko la mama mkwe, ukikaribia uzio wa matete anakoogea. Huko sikufika hata siku moja. Na kwenye daftari la kituo niliandika kwa mkono wangu: njia yote imekaguliwa.

Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kulikuwa na mama mmoja aliyeletwa na pikipiki kutoka Wamaza, kajifungua kabla ya wakati, na mtoto alikuwa kwenye mashine ya kumsaidia kupumua. Kisanduku kilikata mara saba. Jenereta ndogo ya akiba haikuwa na tone la mafuta, na barabara ya Kasongo ilikuwa imekatika. Mama Mwamini, muuguzi mkuu, alinipigia simu. Ni mwanamke wa mjini Kasongo, mpole kupita wote ninaowajua, lakini siku hiyo hakunisalimia. Alisema nifanye kitu, lolote, mtoto anabadilika rangi.

Nikafanya. Ndani ya kisanduku kuna mahali pa kuweka kipimo: uvujaji kiasi gani uhesabiwe kuwa hatari. Nilikipandisha hadi mwisho. Kwa maneno mengine, nilikiambia kisanduku kisione.

Umeme haukukatika tena. Rangi ya mtoto ikarudi. Jana bibi yake alinitumia kuku, na watu wakanipungia mkono njiani. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, usingizi ukagoma. Nilijua nilichofanya. Nilijiambia nitarekebisha mvua ikipungua.

Leo asubuhi mke wangu, Mama Sifa, alirudi kutoka kwa mama yake akicheka. Alikuwa amepeleka mihogo. Akasema, bila hata kuweka kikapu chini:

"Baba Sifa, mama anasema manjanja ya jiko yake imeanza kuuma watu. Akigusa na mukono ya maji, inamuuma mupaka kwa kiwiko. Anasema ni radi ilibakia mule."

Manjanja ni bati. Paa la jiko lile ni la chini, linafika begani.

Nilitoka mbio hata viatu sikufunga. Ilinibidi nichague njiani: kupanda kilimani nizime, au kupita kwake kwanza. Kilima ni mbali, na manyunyu yalikuwa yameanza. Nikaingia uani kwake kwa nyuma, mahali ambapo mguu wangu haujawahi kukanyaga.

Alikuwa amesimama na beseni la nguo, mikono inatiririka maji. Aliponiona alifanya kile ambacho mama mkwe yeyote mwenye heshima angefanya. Alijifunika kikwembe kichwani, akanigeuzia mgongo, akajitenga kunipisha. Akasogea kuelekea paa.

"Mama, toka kwa manjanja!" Nilipiga kelele.

Mkwe kumpigia kelele mama mkwe ni aibu juu ya aibu. Akazidi kujibana ukutani. Bega lake lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kufika kwenye bati. Hapo sikufikiri tena. Nilimshika mkono, nikamvuta, tukaanguka wote wawili, beseni likamwagika juu yetu. Majirani walikuwa wamesimama. Mmoja aliuliza kama nimekunywa. Mama mkwe alikusanya kikwembe chake, akakaa matopeni, ameangalia pembeni. Hata hapo hakunitazama.

Niliwaambia wasiguse kitu, nikapanda kilimani, nikazima.

Wodini walipona kwa bahati. Barabara ilikuwa imefunguka jana, na wenye pikipiki waliofika kutoka Kasongo walinyonya mafuta kwenye matangi yao wakaijaza jenereta. Mtoto hakukosa pumzi hata kidogo. Lakini nilipokuwa nashuka na ngazi sikuwa najua hivyo.

Nyuma ya jiko niliona kila kitu. Waya umelegea, umelala kwenye ukingo wa bati, na upepo wa miezi mingi umeusugua mpaka ganda limeisha. Shaba inang'aa. Mvua ikinyesha, bati linaungana na waya, umeme unavuja, na kisanduku kilikuwa kinasema hivyo hivyo kila siku. Nimekiita mwoga, kumbe kilikuwa kinamlinda mama wa mke wangu. Niliyekuwa naogopa ni mimi.

Nilikata kile kipande, nikaunga upya, nikauinua waya mbali na paa, nikarudisha kipimo mahali pake, nikawasha. Mchana mvua kubwa ikanyesha. Kisanduku hakikukata hata mara moja.

Saa tisa nilikwenda kwa Mama Mwamini nikamweleza, kipimo na daftari, bila kupunguza. Huwa anawaambia wajawazito wanaoona haya kupimwa kwamba mficha uchi hazai. Mimi hakuniambia hivyo. Aliniuliza tu kama ningemwambia lau mkwe wangu asingeumwa na bati lile. Nikasema sijui. Akasukuma daftari mbele yangu nifute uongo wangu na kuandika ukweli, na nikaandika.

Wazee wameniita kikaoni Jumamosi kwa kumshika mama mkwe. Nilidhani nimejiandaa kwa hilo. Nilikuwa na utetezi wangu tayari: desturi ilinizuia kufika kule, wazee wenyewe ndio walionifundisha, basi lawama tugawane.

Halafu jioni hii Mama Sifa akarudi kutoka kwa mama yake. Hakucheka. Alikaa karibu nami akanipa ujumbe, neno kwa neno kama alivyoagizwa:

"Mama anasema, kunigusa nimesamehe, na kwa wazee nitasema vile. Lakini muulize. Desturi inamukataza kuniangalia. Ilimukataza kutuma mutu? Angenitumia hata mutoto, ningebomoa ile jiko siku ile ile."

Miezi minane waya umepita pale, na mke wangu amekwenda kwa mama yake karibu kila siku, kikapu mkononi, akitoka mlangoni mwangu.

Nimemwomba kesho asubuhi aende tena. Aombe ruhusa nipite na ngazi nyuma ya jiko, nikague kipande chote, nguzo ya sita hadi ya nane, na aniambie saa ambayo mama hatakuwa anaoga.