Usipulize kwa Mdomo

Fundi wangu,

Nimerudi Mutsamudu jana kwa meli ya mizigo, na hata nguo za safari sijazifua nimekaa kukuandikia. Nina hasira. Nisipokwambia wewe nitamwambia nani? Nimetoka Moroni kwenye hitima yako. Watu walijaa mpaka njiani, mbuzi wamechinjwa, wali umepakuliwa kwa masinia. Siku tuliyokuzika tulikuwa wachache wa kujaza baraza moja, na wengine walipita upande wa pili wa njia, macho chini, wasije wakaonekana na wazungu. Leo wote jamaa zako. Loo!

Unajua umekuwa nani? Umekuwa shujaa. Wallahi vile. Tangu wale wazungu, askari wa kukodiwa, waondoke, mji unagombania mashujaa kama watu wanaogombania viatu mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa, kila mtu anavaa kinachomkaa. Wewe wamekuvisha hadithi hii: ati uliingia kambini kwao, ukaifungua kompyuta yao, ukaiua makusudi ili siri zao zipotee. Ukafa kwa ajili ya nchi.

Wewe! Wewe uliyenipiga kikofi mkononi nilipokaza bisibisi kwa nguvu, ukaniambia, "Polepole mwanangu, itaumia." Wewe uliyekuwa huwezi kuona redio ya mtu imewekwa karibu na jiko ukanyamaza. Uue mashine? Makusudi?

Ulipokufa walisema kinyume chake. Walisema, msiba wa kujitakia hauna kilio, nani alimtuma kufanya kazi na makafiri wale. Dada yako Zaharia aliyasikia hayo kisimani pale Ikoni, akawa hachoti tena maji mchana. Sasa wanawake walewale wanamwita mama wa shujaa, wakati hata mama yako siye, ni dada yako. Yeye anafurahi, masikini. Mimi ndiye ninayekaa na ukweli kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponiruhusu kufungua kompyuta. Ilikuwa ya yule tajiri wa vitambaa, wa kwanza kuleta mashine ile dukani kwetu Moroni, akalalamika inanguruma kama paka mwenye njaa. Mimi nikadhani kazi ni kufungua na kufuta. Ukanizuia. Izime kwanza. Chomoa waya ukutani, usiniambie umezima, nataka nione plagi mkononi mwako. Iache ipoe. Ukaniambia niguse chuma cha ganda lake kabla ya kugusa kitu ndani, maana mwili wa mtu una umeme wake mdogo na vibao vya nyaya vilivyomo ndani haviupendi. "Piga hodi," ulisema. "Hata nyumba ya masikini hupigwa hodi."

Tulipoondoa kifuniko nilicheka. Vumbi lilikuwa limelala ndani kama sufi ya mto, jeusi, vumbi la Moroni lenye mchanga wa mlimani na chumvi ya pwani. Na mimi, bila kuwaza, nikainama, nikavuta pumzi nipulize.

Ukaniziba mdomo kwa kiganja chako. Kiganja kilinuka risasi ya kulehemu. Uliniambia mdomo una mate, na tone la mate usiloliona litakaa juu ya kibao mpaka kikaota kutu. Ukanipa ule mpira mwekundu wa kusafishia masikio ya watoto, uliokuwa umeununua duka la dawa, na ile brashi ya rangi ambayo haijaonja rangi maisha yake yote. Feni ukanifundisha kuishika kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliza kwa mpira. Na lile sanduku la umeme la nyuma ukanikataza kulifungua katu, kwa sababu hata waya ukichomolewa umeme unabaki umelala humo, na aliyelala usimguse.

Lakini ulinielewa. Ulisema, "Si kosa lako, sisi ni watu wa kupulizwa." Kweli. Mtoto akilia usiku hupulizwa. Homa hupulizwa. Mwenye mtihani, mwenye safari, bibi harusi, wote husomewa wakapulizwa utosini. Mdomo wetu unakwenda wenyewe.

Na hapo ndipo jina lako lilipokuponza.

Wewe ulizaliwa Unguja, na mimi nililelewa huko kabla baba hajaturudisha Mutsamudu, ndiyo maana mimi na wewe tulisema Kiswahili dukani. Kingazija chako kilikuwa cha kuchekesha na Kinzuani changu ulikuwa ukikiiga kunitania. Huko Unguja fundi ni wa saa, wa cherehani, wa redio. Ukaandika kwa rangi juu ya mlango: FUNDI. Hukujua, au ulisahau, kwamba Moroni fundi ni mwalimu wa dini. Wiki ileile akaja mama na mtoto mwenye homa, akamweka juu ya meza yako katikati ya nyaya, akasema, "Fundi, msomee." Ulimpa mtoto kipande cha sukari, ukampeleka mwenyewe kwa Fundi Swaleh, mtaa wa nyuma.

Mlicheka mpaka mkapaliwa, wewe na mzee yule. Tangu hapo watu waliokosea mlango mlipelekeana. Yeye alikuletea redio, wewe ulimpelekea wagonjwa. Mji ukawaita fundi wa kupuliza na fundi wa bisibisi. Hata mkeka wa Ijumaa alikuwekea nafasi ubavuni kwake, ingawa hukuwa umefanya ile ndoa kubwa ya mji impayo mwanamume heshima, na uwanjani wanapokaa wakubwa hukuwa na neno. Nilimpenda mzee yule. Nasema nilimpenda, na ninaandika hivyo kwa meno yaliyokazwa.

Wazungu walipokuita kusafisha kompyuta yao nilikusihi usiende. Ulisema mashine haina dhambi, na anayekataa kazi kwao hujiita mwenyewe kwa jina baya. Ukaenda na begi lako, ukaisafisha kama ulivyosafisha ya tajiri wa vitambaa, ukarudi unalalamika kwamba wameiweka sakafuni juu ya zulia, mahali pa kunyonya kila vumbi la buti zao. Uliwaambia waipandishe mezani. Hawakuipandisha.

Basi ikanguruma tena. Karani wao mmoja, kijana wa hapo mjini aliyekuwa akiwapigia taipu, akaogopa. Akaamini mashine imeingiwa na kitu. Wazungu walipokwenda kula, akaenda kumleta fundi. Si wewe. Akamleta Fundi Swaleh, kwa nia njema kabisa, na mzee akaja na chetezo chake, na ubani, na kichupa cha marashi ya waridi. Karani alikwisha kuondoa kifuniko. Mashine inawaka! Plagi ukutani! Mzee akafukiza, akasoma, akapuliza kwa pumzi zake zote, akanyunyiza marashi. Ikalia kidogo, ikatoa moshi, ikafa.

Wazungu waliporudi wakauliza nani ameigusa. Karani akasema, "Fundi."

Hakusema uongo. Alisema neno moja la kweli akaliacha litembee lenyewe. Nao katika mji mzima walimjua fundi mmoja tu.

Wakaja kukuchukua, na ulirudi kutoka kambini kwao ukiwa umeshikwa mikono na watu, ubavu umevunjika, unakohoa damu kwenye kanga ya Zaharia. Uliishi mpaka mvua za kwanza. Na siku moja, Zaharia akiwa jikoni, uliniambia. Walikuwekea mashine mbele yako ili uungame, na ulipoinama ukasikia harufu ya ubani na waridi ikitoka ndani yake. Ukajua pale pale. Neno moja tu lingekutoa. Nikakuuliza kwa nini hukusema, na nilikuuliza kwa sauti ya kukugombeza, mgonjwa wa watu. Ukajibu, "Mzee yule wangemkamata hangeiona asubuhi. Usimtaje."

Usimtaje. Ndiyo wasia wako huo. Wengine huachiwa shamba.

Nilidhani hajui. Miaka yote hii nilimtetea moyoni, nikisema mzee aliondoka pale kabla moshi haujatoka, mzee hakuambiwa, mzee haelewi mambo ya mashine. Alikusalia jeneza lako, Fundi. Alilia, nilisikia. Nikasema, anamlilia rafiki.

Sasa sikiliza yaliyotokea safari hii. Nilifika Moroni siku moja kabla ya hitima, na Fundi Swaleh akanitumia salamu kwa Zaharia: mjukuu wake aliyeko Ufaransa amemletea kompyuta, inanguruma, na amesikia kwamba mimi sasa ndiye ninayetunza mashine za ofisi bandarini Mutsamudu. Nimsaidie. Nikaenda, kwa adabu zote, shiromani langu, vazi letu la wanawake, limefungwa vizuri, nikambusu mkono. Amezeeka sana. Akaniita Fundi. Mimi! Nikacheka, nikafurahi, nakiri.

Nikazima, nikachomoa plagi nikaiweka mezani aione. Nikangoja ipoe huku tukinywa chai ya mchaichai. Nikagusa chuma. Nikafungua kifuniko, nikatoa brashi yako, kwa maana ni ileile, nywele zimepungua lakini rangi bado haijaionja. Mzee akasogea kutazama. Akaona vumbi. Akainua mikono, akaanza kusoma kimyakimya, akainama, akavuta pumzi.

Nikamziba mdomo.

Mkono wangu juu ya mdomo wa mtu aliyeufundisha mji mzima kusoma! Nilishtuka mwenyewe. Lakini yeye hakushtuka kama anavyoshtuka mtu aliyevunjiwa heshima. Macho yake yalitazama mashine, yakanitazama mimi, yakajaa maji. Nikaondoa mkono. Akauliza kwa sauti ndogo, "Alijua?"

Basi mzee naye alijua, Fundi. Alijua tangu siku ile. Wakati wanakuvunja mbavu yeye alikuwa mtaa wa nyuma na chetezo chake, anajua.

Nikamwambia, "Alijua kwa harufu ya ubani wako, akakuficha." Akalia, na kilio cha mzee ni kitu kibaya kukitazama. Akanisimulia siku ile yote kama nilivyoiandika hapo juu, akasema aliogopa, akasema karani alimkataza kusema. Akasema kesho kwenye hitima atasimama mbele ya watu aseme. Nikamwamini. Nikaimalizia mashine yake, nikaishika feni kwa kidole, nikapuliza kwa mpira kila pembe, maana mashine haina dhambi, si ndivyo ulivyosema?

Kesho yake nikakaa ndani pamoja na wanawake, nyuma ya pazia. Kisomo kikaisha. Mzee akasimama. Sauti za masinia zikakoma. Akamshukuru Mungu, akakurehemu, akakutaja kwa jina lako kamili. Kisha akasimulia jinsi ulivyoingia kambini kwa ushujaa ukaiua mashine ya makafiri kwa mikono yako mwenyewe.

Wakaitikia, Allahu akbar. Zaharia akanishika mkono, analia kwa furaha. Mimi nilitazama wali wangu ukipoa.

Ningeweza kufunua pazia lile. Kilichonizuia ni wewe. Ningemtaja, ningekuwa nimekunyang'anya kitu pekee ulichokifanya kwa hiari yako katika habari ile yote. Mengine yote ulifanyiwa. Na hicho kimoja ndicho wanachokuibia: wewe hukuua mashine, wewe ulimwokoa mtu, na mtu mwenyewe ndiye anayekuzika mara ya pili. Nikupe shukrani au nikulaumu? Nakulaumu kidogo. Kufa ulikufa wewe, lakini kunyamaza uliniachia mimi.

Hapa Mutsamudu niko salama. Mashine za bandarini nimezipandisha zote mezani, na nimemfokea mkubwa wangu kwa kuweka kikombe cha kahawa juu ya mojawapo. Juu ya mlango wangu wa kazi sikuandika kitu. Wenye homa wanapita, wanaendelea na njia yao.

Lala, Fundi wangu. Mungu akupanulie kaburi, akuondolee vumbi hilo la juu yako kwa wepesi kuliko mkono wangu.

Na ahadi yako nakupa: sitamtaja. Jina lake halitatoka mdomoni mwangu, si Moroni, si hapa. Lakini mtu akija kuniuliza nani aliyeiua kompyuta ya wazungu, nitajibu kama alivyojibu karani. Nitasema, "Fundi." Ila mimi sitaondoka. Nitakaa palepale, mikono magotini, mpaka atokee hata mtu mmoja wa kuniuliza, yupi?

Mwanafunzi wako,
Sitina