Jina Lililoitwa Bondeni

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani. Natumai u mzima huko ranchi, wewe na farasi wako. Mimi nakula, nalala, naamka. Zaidi ya hapo sina la kukueleza. Simu haishiki huko kwenu, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la posta.

Mvua zilipokatika, babu alitaka nimpeleke kwa gari bondeni kwenye mawe yenye michoro. Nilimwomba tukusubiri, maana uliahidi kuja ng'ombe wakishakusanywa. Akasema ahadi zako zinatoroka kuliko ndama. Njia nzima alilalamika kwamba namvunja mifupa, na nikipunguza mwendo aliuliza kama nimesinzia.

Penye mlango wa bonde alisimama, akawaita wa kale awaambie nani anaingia. Akataja jina lake, akataja langu, kisha akalitaja lake tena. Nikamcheka, nikamwambia, babu, wewe umeshaingia. Akasema hilo la pili ni lako, mjukuu uliyepewa jina lake. Alitaka wakujue kabla hujafika. Unakumbuka jikoni, jina hilo likiitwa mlivyokuwa mkiitika wawili, naye akisema anayeitwa ni yule mwenye miguu mizima.

Tuling'oa nyasi kavu kuzunguka mawe, maana moto ukipita pale jiwe hupasuka na mchoro wake. Nyayo za emu, yule ndege mrefu kama mbuni, bado zinaonekana vizuri. Tulipofika karibu na jiwe la juu akanirudisha garini. Habari za jiwe lile ni za wanaume. Hawezi kunipa hata nikuletee. Nikapandisha vioo nisimsikie akiimba, nikanywa chai yangu. Aliporudi akasema, "Baba yenu mdogo Clarrie anazo zote. Mwambie huyo mtoro, Clarrie naye si kijana."

Ndugu yangu, siku chache baadaye nilimpelekea chai asubuhi, hakuamka. Tumeshamzika. Nyumba yake tumeihama, nimeifagia kwa matawi kufuta nyayo zake, nguo zake zimechomwa. Shangazi wamelia mpaka sauti zimewakauka. Mimi sijalia. Naosha vyombo ambavyo tayari ni safi.

Utaona sijaliandika jina lako popote. Hata kwenye bahasha nimeweka la ukoo tu. Jina la marehemu halitajwi, na lako ndilo hilohilo. Ukifika utaitwa Kwementyaye, kama kila anayebaki bila jina kwa ajili ya msiba. Usikasirike, sote tunajua ni wewe.

Clarrie anakusalimu. Siku hizi damu yake inasafishwa kwa mashine, na akitoka huko hawezi hata kupanda ngazi ya mlangoni. Yeye akiondoka, jiwe la juu halina msemaji.

Jina lako mara ya mwisho nililisikia kule bondeni. Umeshaitwa, mdogo wangu. Safari hii njoo uitike peke yako.

Ni mimi dada yako,
Leonie