Mwezi wa Barafu

Dutwa,
9 Agosti 1998

Kaka Zengo,

Mwangaluka. Barua yako kutoka Marekani imefika, tunakushukuru wote. Pamba tumemuuzia mnunuzi binafsi, alikuja na lori lake mpaka uani. Kwenye mizani ya ushirika siku hizi kuku wanatagia.

Nilimsomea Mama habari za kazi yako, kwamba mnaunda rada ya kutuma mawimbi yapenye barafu, yarudi na habari kama chini kuna maji. Akacheka. "Kumbe kama sisi na mchanga wa mtoni wakati wa kiangazi!" Lakini pale ulipoandika kwamba utarudi kazi ya mwezi wa barafu ikiisha, akanishika mkono: "Mwezi huo ndio upi? Unafuata Septemba?"

Sikumweleza kwamba ni mwezi wa sayari nyingine, huko mbali angani; nikakunja barua. Kaka, tangu tumzike Baba, Mama alikuwa anakataa chakula, na sasa miguu imevimba, hatembei. Siku ile aliomba ugali na mlenda, akala. Anakula kila siku tangu hapo, anasema mwezi wako umkute ana nguvu. Kwa hilo nakushukuru kuliko hata zile nguo ulizotuma.

Mwezi ukiandama tunamtoa uani na kiti chake. Anautazama, halafu ananiuliza, "Ndio huu?"

Namjibu, "Bado, Mayu."

Usimwandikie kumsahihisha. Njoo tu. Mwezi utakaofika nao, huo ndio tutauita wa barafu.

Mdogo wako anayekushukuru,
Evalina